Kuendesha Gari la Gia za Mkono kwa Ulaini: Mwongozo kwa Dereva Mpya wa Nyanda za Juu Kusini

Mtu anayejifunza udereva Mbeya, Iringa au Njombe hapati nafasi ya kuzoea tambarare. Akitoka uwanjani alipofundishwa kuondoa gari, hazipiti dakika nyingi kabla hajakutana na mlima, na akiumaliza mlima anapokewa na mteremko wenye lori mbele yake na daladala nyuma yake. Kwa hiyo kasoro ambazo dereva wa tambarare anaweza kuishi nazo miaka mingi bila kusumbuliwa, kama vile kuachia klachi kwa pupa au kuchelewa kupangua gia, yaani kushuka kwenda gia ya chini, huku kwetu hujitokeza siku ya kwanza: gari linazima katikati ya mlima, linarudi nyuma, au klachi inaanza kunuka. Nimekaa kiti cha abiria nikiwafundisha watu wanne wa ukoo wetu, wa mwisho akiwa binti wa dada yangu, na karibu kila aliyesumbuka kuendesha kwa ulaini alikuwa hajaelezwa na mtu yeyote kinachotokea chini ya boneti pale anapoinua mguu wa kushoto. Alikuwa amefundishwa kanyaga na achia, basi.

Ninaandika nikichukulia kwamba tayari una leseni ya kujifunzia, gari limebandikwa alama ya L mbele na nyuma, na anayekaa pembeni yako ni mkufunzi au mtu mwenye leseni hai anayeweza kuifikia hendibreki bila kujinyoosha.

Kazi ya klachi

Injini ikishawashwa huzunguka wakati wote. Gari dogo la petroli likiwa limesimama bila kukanyagwa mafuta, injini yake huzunguka kama mara 700 hadi 900 kwa dakika, hali ambayo mafundi huiita silensa. Wakati huohuo magurudumu yamesimama kabisa. Ukiviunganisha vitu hivyo viwili kwa ghafla, kimoja lazima kikishinde kingine: ama gari linarushwa mbele, ama injini inabanwa mpaka inazima. Klachi imewekwa ili kuzuia ugomvi huo. Ni sahani yenye ngozi ngumu ya msuguano pande zote mbili, iliyobanwa kwa nguvu ya springi kati ya flaiwili, yaani gurudumu zito lililofungwa nyuma ya injini, na bamba jingine liitwalo presha pleti. Ukikanyaga pedali, mbano unalegea na injini inazunguka peke yake. Ukiinua mguu, mbano unarudi kidogo kidogo. Kati ya kulegea kabisa na kubana kabisa kuna sehemu fupi, sentimita 2 au 3 tu za mwendo wa pedali, ambamo sahani inateleza huku ikishika, na kulishikilia gari katika sehemu hiyo ndiko madereva wanakoita kubalansi.

Shika jambo hili moja, kwa sababu mengine yote katika mwongozo huu yanatokana nalo: iwe unaondoka, unapandisha gia, unapangua au unapanda mlima, kazi yako ni kuusogeza mwendo wa injini ulingane na mwendo wa magurudumu kabla ya kuviunganisha. Vikilingana, abiria hasikii kitu. Visipolingana, tofauti yake inalipwa na shingo ya abiria au na sahani ya klachi.

Kukaa na kuvaa

Sogeza kiti mpaka uweze kukanyaga klachi hadi mwisho huku goti la kushoto likibaki limekunjwa kidogo. Anayekaa mbali hulazimika kuisukuma pedali kwa ncha ya vidole, na ncha ya vidole haina utulivu wa kuirudisha taratibu. Vaa kiatu chenye soli nyembamba kinachoshika mguu. Ndala haifai kwa sababu huteleza na kujipinda chini ya pedali, na mabuti mazito ambayo wengi wetu huyavaa kwenye baridi ya Juni na Julai hukunyima taarifa ambayo unyayo wako unaihitaji sana kuliko jicho.

Kabla ya kuwasha injini, kanyaga klachi na uzipitie gia zote mara nyingi, kutoka ya kwanza hadi ya tano na kurudi, ukitaja namba kwa sauti na macho yakiwa mbele. Kwa kuwa usukani wetu uko kulia, mkono wa gia ni wa kushoto. Usiukamate mkono wa gia kwa ngumi. Uguse kwa kiganja kilicholegea, kisha uusukume kuelekea dereva au kuelekea abiria kulingana na gia unayoitaka. Magari mengi yana springi inayourudisha mkono wa gia katikati, kati ya gia ya tatu na ya nne, ukiwa frii, yaani bila gia yoyote, kwa hiyo kutoka ya pili kwenda ya tatu inatosha kuusukuma mbele na kuuacha ujitafutie njia. Wanaoubana kwa nguvu ndio hujikuta wameingiza ya kwanza au ya tano badala ya ya tatu.

Kutafuta mguno

Zoezi hili ndilo ninalolipa muda mrefu kuliko yote, na sikushauri uliruke hata kama tayari unaweza kuondoa gari. Nilimpeleka binti wa dada yangu kwenye kiwanja cha wazi upande wa Uyole, asubuhi ya Jumapili, na kwa nusu saa ya kwanza gari lilizima mara nyingi kiasi kwamba alianza kulia. “Mjomba, limezima tena,” aliniambia, huku mikono yake ikiubana usukani kana kwamba kosa lilikuwa la usukani. Nilimwomba avute hendibreki mpaka mwisho, akanyage klachi, aingize gia ya kwanza, aondoe kabisa mguu kwenye mafuta na kuuweka juu ya breki, kisha afumbe macho. Baada ya hapo aliinua klachi polepole sana, kisigino kikiwa kimetua sakafuni, mpaka kitu kibadilike. Hakuwa na haja ya kuniambia kwamba amefika, kwa kuwa uso wake ulionyesha. “Inaguna,” alisema. Hakika injini ilikuwa imeshusha sauti kutoka mlio mwepesi hadi mguno wa chini, mshale wa mizunguko ukateremka kidogo, na boneti ikatetemeka. Akarudisha klachi chini na mlio ukawa mwepesi tena. Tangu siku hiyo tunaiita sehemu hiyo mguno, nami nitaiita hivyohivyo hapa.

Rudia mara 20, hendibreki ikiwa juu wakati wote: inua hadi mguno, shusha, inua hadi mguno, shusha. Usikae pale zaidi ya sekunde moja au mbili, kwa sababu sahani inasuguliwa. Lengo ni mguu wa kushoto uujue urefu wa kupanda hadi mguno bila kuhesabu, jinsi mguu unavyozijua ngazi za nyumbani gizani.

Ukishaujua, tafuta mahali pa tambarare kabisa, achia hendibreki, na ufanye lile lile bila kugusa mafuta hata kidogo. Inua hadi mguno, usimame hapo. Gari litaanza kujisogeza kwa mwendo wa mtu anayetembea taratibu. Mguu ubaki palepale mpaka gari limetembea kama mita mbili au tatu, kisha ndipo umalizie kuuinua. Kosa la karibu kila mwanafunzi liko hapa: akihisi gari limesogea, hudhani kazi imekwisha na kuuachia mguu, ilhali gurudumu bado halijaifikia kasi ya injini, na nusu ya pili ya pedali inakwenda kwa mrusho mmoja. Matokeo yake ni lile ruka-ruka la chura ambalo kila mtu huliona kwenye gari la L.

Kuongeza mafuta, na hewa ya huku juu

Sasa ongeza mafuta. Kanyaga klachi, ingiza ya kwanza, peleka injini kwenye mizunguko kama 1,200 hadi 1,500 na uishikilie hapo kwa utulivu, inua klachi hadi mguno, subiri gari lishike mwendo, malizia kuinua huku ukiongeza mafuta kidogo. Mguu wa kulia utangulie kidogo kuliko wa kushoto. Ukipiga resi hadi 3,000 ndipo uachie, gari litaondoka kweli, lakini umeitumia sahani ya klachi kama tairi la kusagia.

Kuna jambo ambalo waliojifunzia Dar es Salaam hawaelezwi wanapohamia huku. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa kama mita 1,600. Hewa ya kimo hicho ni nyepesi, kila pumzi ya injini inabeba oksijeni pungufu, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 15 ya nguvu iliyokuwa nayo pwani. Ndiyo maana gari lililokuwa likiondoka vizuri kwa mguso mdogo wa mafuta kule Kariakoo linazima hapa Mwanjelwa likiondoshwa kwa mguu uleule. Gari halina ubovu wowote; linahitaji mizunguko mia mbili au mia tatu zaidi kabla ya mguno. Na asubuhi za baridi kali, hasa Njombe na Makete ambako jalidi hutanda kwenye majani, mafuta ya giaboksi huwa mazito, hivyo gia ya pili inaweza kukataa kuingia kwa kilomita moja au mbili za mwanzo. Usiilazimishe. Endesha taratibu, ubadilishe gia kwa mkono wa pole, nayo italainika yenyewe.

Kupandisha gia

Kwa gari dogo la petroli kwenye tambarare, unaweza kwenda ya pili ukifika kama kilomita 15 au 20 kwa saa, ya tatu kwenye 30 au 35, ya nne kwenye 50, na ya tano ukivuka 70. Hata hivyo zichukulie namba hizo kama fimbo ya kutembelea tu, kwa maana sikio ni bora kuliko spidomita: injini ikianza kulalamika kwa sauti ya juu, karibu mizunguko 2,500, iko tayari kupumzishwa kwa gia inayofuata.

Mfuatano wake ni huu. Inua mguu wa mafuta na kukanyaga klachi kwa wakati mmoja, pitisha mkono wa gia, inua klachi hadi mguno na upite hapo bila haraka, rudisha mafuta. Kinachowashinda wengi ni ile ya kwanza kwenda ya pili, na sababu yake ni hesabu. Katika Corolla ya kawaida ya gia tano, injini iliyokuwa ikizunguka mara 2,500 kwenye gia ya kwanza inatakiwa izunguke kama mara 1,400 tu kwenye ya pili kwa mwendo uleule wa gari. Inabidi iteremke mizunguko zaidi ya elfu moja, nayo haiteremki papo hapo kwa sababu flaiwili ni nzito. Ukiachia klachi kabla haijateremka, gari linarushwa mbele. Ukichelewa mno, injini imeshuka hadi silensa na gari linajikwaa. Kati ya ya nne na ya tano tofauti ni ndogo, ndiyo maana huko hakuna anayekosea. Kwa hiyo usibadilishe zote kwa kasi moja: ya kwanza kwenda ya pili ipe pumzi ndefu, zile za juu zipe fupi.

Ukipandisha gia, mguu wa kushoto uende kupumzika sakafuni. Dereva anayeuacha juu ya klachi “kwa tahadhari” anailegeza kidogo bila kujua na kuimaliza bearing yake mapema.

Kupangua gia na kusimama

Hapa hesabu inageuka. Ukiwa gia ya nne kwa mizunguko 2,000 na ukapangua kwenda ya tatu, injini inatakiwa ipande hadi karibu 2,700. Ukiachia klachi injini ikiwa imelala, magurudumu yanalazimishwa kuivuta ipande, na abiria wote wanainamia mbele kana kwamba umekanyaga breki. Dawa yake ni kuigusa pedali ya mafuta kidogo wakati klachi bado iko chini: kanyaga klachi, pangua hadi ya tatu, gusa mafuta mpaka usikie mlio umepanda, achia klachi. Mguso huo ni mfupi kama kupiga hodi. Mwanzoni utazidisha au utapunguza, lakini baada ya wiki moja ya kuufanyia kazi sikio litakuambia lenyewe, na hakuna ustadi mwingine unaowatenganisha dereva laini na dereva wa kawaida kwa uwazi kama huu.

Pangua gia moja moja kadiri mwendo unavyopungua kwa breki, wala usiichomeke ya pili ukiwa bado kilomita 60 kwa saa ukitegemea gari lipunguzwe na klachi. Ya kwanza iache kwa gari lililosimama au linalokaribia kusimama. Unaposimama kwenye mataa au nyuma ya daladala, breki ndiyo ianze. Klachi ikanyagwe mwishoni kabisa, injini inapokaribia kuguna. Kisha fanya jambo dogo ambalo abiria atalipenda bila kujua sababu yake: nusu mita kabla ya kusimama, punguza mguu wa breki kidogo ili gari litue badala ya kung’ata. Ukishasimama kwa zaidi ya sekunde chache, weka frii, vuta hendibreki, na uipumzishe miguu yote miwili.

Kwenye matuta, ambayo barabara kuu yetu inayo kila inapopita kijijini, maliza kufunga breki kabla ya tuta, ingiza ya pili, livuke kwa mafuta kidogo. Kurudi nyuma kwa rivasi kunaendeshwa kwa mguno pekee, karibu bila mafuta.

Kuondoka mlimani

Tafuta mwinuko wa wastani usio na magari, si ule wa kutoka Ipogolo kwenda Iringa mjini saa za jioni. Simama, vuta hendibreki mpaka gari lishikwe kabisa, kanyaga klachi, ingiza ya kwanza. Peleka mafuta hadi mizunguko 1,800 au 2,000, juu kuliko kwenye tambarare, kwa sababu injini itabeba uzito wote wa gari na hewa ya huku haiisaidii. Inua klachi hadi mguno. Sasa tazama: mlio utashuka, na boneti itanyanyuka kidogo kama ng’ombe anayeinua kichwa kabla ya kusimama. Ukiiona boneti imenyanyuka, fungia mguu wa kushoto palepale. Usiuinue, usiushushe. Bonyeza kitufe cha hendibreki na uishushe polepole kwa mkono. Gari litasimama bila breki yoyote, au litaanza kujivuta mbele. Ongeza mafuta, na baada ya gari kutembea urefu wake mwenyewe ndipo umalizie klachi.

Likianza kurudi nyuma, usipambane nalo kwa mafuta. Kanyaga breki na klachi pamoja, vuta hendibreki, vuta pumzi, anza upya. Anayekupigia honi nyuma atasubiri.

Wapo madereva wanaojivunia kulishikilia gari mlimani kwa balansi ya klachi bila breki, dakika nzima, wakisubiri foleni isogee. Nami nilikuwa mmoja wao. Miaka kadhaa iliyopita nilipanda Kitonga nikitokea Ruaha Mbuyuni, nyuma ya msururu wa malori yaliyokuwa yakisogea mita tano na kusimama, nami nikawa nalibalansi gari muda wote, hendibreki nimeisahau. Kabla ya nusu ya mlima ndani ya gari kulijaa harufu kali, kama nywele na mpira vinavyoungua pamoja, na kila nilipokanyaga mafuta injini ilipiga kelele bila gari kuongeza mwendo. Sahani ilikuwa imepata moto na kuanza kuteleza. Nilisogea pembeni kwenye upana wa barabara, nikaweka vizuizi nyuma ya magurudumu, nikasubiri zaidi ya saa moja, na wiki iliyofuata fundi alinitolea sahani iliyokuwa nyeusi na kung’aa kama kioo. Nilichojifunza kwa gharama ya klachi nzima ni hiki: mlimani, balansi ni ya sekunde mbili za kuondokea, kusubiri ni kazi ya hendibreki, na nyuma ya msururu acha nafasi ikue mbele yako mpaka itoshe kutembea kweli, ndipo uondoke mara moja badala ya mara kumi.

Ukishaondoka, chagua gia ya kupandia mapema. Pangua kabla gari halijachoka, injini ikiwa bado na mizunguko zaidi ya 2,000, kwani anayengoja mpaka gari liwe linatetemeka analazimika kupangua gia mbili akiwa amebakiwa na mwendo wa kubahatisha. Kwenye barabara ya Chunya, inayokwea nyuma ya Mbeya hadi kimo kinachozidi mita 2,400, gari dogo lenye watu wanne linaweza kukaa ya pili kwa muda mrefu. Hakuna aibu. Tazama kipimo cha joto, zima kiyoyozi ikibidi, usihangaike na ya tatu.

Ukitaka kujua kama klachi ya gari unalojifunzia bado inafaa, kabla ya kwenda mlimani fanya jaribio hili kwenye tambarare: ukiwa gia ya nne kwa kilomita 50 kwa saa, kanyaga mafuta kwa nguvu. Mizunguko ikiruka juu huku mwendo ukibaki ulivyo, sahani imeisha. Gia zikigoma kuingia au zikisagana, hasa rivasi, mbano haulegei vizuri. Mwambie fundi aangalie kebo, au mafuta ya klachi kama ni ya haidroliki.

Kushuka

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo linaloua. Mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi, Mlima Nyoka karibu na Uyole, na Kitonga kwa anayetoka Iringa ni majina ambayo kila mkazi wa kanda hii ameyasikia katika habari za ajali, na jina linalofuatana nayo mara nyingi ni breki kufeli. Breki hugeuza mwendo wa gari kuwa joto. Ukizikanyaga mfululizo kwenye mteremko mrefu, pedi na diski hupata moto mpaka msuguano unapungua, na mafuta ya breki, ambayo kwa kawaida hunyonya unyevu wa hewani kadiri yanavyokaa, yanaweza kuchemka na kutoa viputo; pedali inazama kama iliyokanyaga sifongo.

Kinga yake ni gia. Mteremko unashukwa kwa gia ileile ambayo ungeupandia, na gia hiyo huingizwa juu kabisa, kabla ya kuanza kushuka. Ukiwa ya tatu au ya pili bila kukanyaga mafuta, magurudumu ndiyo yanayoisukuma injini, na injini inayashikilia kwa ukinzani wake. Mizunguko kufika 3,000 au 3,500 wakati huo ni kawaida, ingawa mlio utamtisha mwanafunzi. Breki zitumie kwa vipindi: mwendo ukizidi ule uliojiwekea, tuseme 40, kanyaga kwa uthabiti mpaka 30, achia kabisa, iache ipoe wakati gia inashika. Mguu uliolegezwa juu ya breki kutoka kileleni hadi bondeni ndio unaozipika.

Kushusha gari frii ili “kuokoa mafuta” ni desturi ninayoichukia kwa moyo wote, na hesabu yake ni ya uongo. Magari ya kisasa yenye mfumo wa kielektroniki wa kunyunyizia petroli hukata mafuta kabisa yanapoteremka yakiwa kwenye gia na mguu ukiwa nje ya pedali, ilhali yakiwa frii injini inaendelea kunywa ili isizime. Anayezima injini kabisa amefanya vibaya zaidi: nguvu ya ziada ya breki inabaki ya kukanyaga mara mbili au tatu tu, usukani unakuwa mzito, na akiuchomoa ufunguo usukani unaweza kujifunga kwenye kona.

Wakati wa mvua, na kwenye ukungu wa Isyonje kuelekea Tukuyu, pangua kwa upole zaidi kuliko kawaida, kwa sababu mshtuko wa klachi iliyoachiwa kwa ghafla unatosha kuyafanya magurudumu yanayoendeshwa na injini yateleze kwenye lami iliyolowa. Ule mguso wa mafuta wa kupangulia, uliokuwa adabu kwa abiria huko mjini, hapa unalilinda gari lisitoke barabarani.

Binti wa dada yangu alishuka Iwambi kwa mara ya kwanza akiwa ya tatu kutoka juu hadi chini, mikono imelegea, akikanyaga breki mara nne tu, nilizihesabu. Tulipofika kwenye usawa tulisimama pembeni, tukashuka, na nikamwonyesha namna ya kujikagua: sogeza mgongo wa mkono karibu na rimu bila kuigusa, gurudumu baada ya gurudumu. Uvuguvugu ni wa kawaida. Ukihisi joto linalokusukuma urudishe mkono, au ukinusa ule ukali wa pedi zilizoungua, umetumia breki kuliko gia. Usimwagie maji, kwa kuwa diski yenye moto ikipoozwa ghafla inaweza kupinda au kupasuka. Usiendelee na safari pia. Weka gia ya kwanza gari likiwa limezimwa, kinga tairi kwa jiwe, uache hendibreki chini ili pedi zisiking’ang’anie chuma cha moto, na usubiri mpaka mkono wako ukae karibu na rimu bila kusumbuka.